Trela la kulala Marekani: kibandiko kinasema moja, ekseli inasema jingine

Ukienda kununua trela la kulala hapa Marekani, liwe la kuzurura nalo kwenye hifadhi wakati wa kiangazi au la kuishi kabisa kwa sababu kodi ya nyumba imekuwa moto, muuzaji atakuonyesha jiko, kitanda na televisheni. Hakuna atakayeinama akuonyeshe ekseli, lile bomba la chini linaloshika magurudumu. Ndiyo maana wenye matrela hushtuka barua ya kiwanda inapowafikia ikisema ekseli walizowekewa hazibebi uzito ulioandikwa ubavuni. Wito huo wa kurudisha gari likarekebishwe bure hapa huitwa rikoli.

Chanzo kwa kawaida ni kimojawapo kati ya vitatu: fundi wa kiwandani kafunga ekseli nyepesi inayofanana kwa macho na ile nzito, au kibandiko kimechapwa na namba za modeli nyingine, au trela limeongezewa vitu, kama kiyoyozi cha pili au friji kubwa, na aliyepiga hesabu hakurudi nyuma kuangalia chini.

Anza na kibandiko cha nje. Kiko ubavu wa kushoto, nusu ya mbele ya trela, na sheria inataka kisomeke bila kusogeza chochote. Utakuta VIN, yaani utambulisho wa trela wenye herufi na namba 17, GVWR ambayo ni uzito wa juu kabisa wa trela likiwa na mizigo yake yote, na GAWR ambayo ni mzigo wa juu kabisa wa kila ekseli. Sasa ingia chini, trela likiwa limesimama kwenye magurudumu yake na limewekewa vizuizi, si juu ya jeki. Kwenye bomba la ekseli kuna kibati au karatasi yenye uwezo wa ekseli na namba yake. Kama uwezo umefutika, piga picha namba na umuulize mtengenezaji wa ekseli. Kibati kikisoma chini ya GAWR ya kibandiko, umeshapata jibu hata kabla ya barua.

Ekseli yenyewe si kila kitu. GAWR haiwezi kuzidi kilicho dhaifu kuliko vyote kati ya bomba, springi, habu, rimu na tairi. Chukua tairi ya ST205/75R14 ya daraja C, ambayo utaikuta kwenye matrela mengi ya ekseli za pauni 3,500. Inabeba pauni 1,760 ikiwa na upepo wa PSI 50. Mbili zinabeba 3,520, kwa hiyo ziada yote uliyo nayo ni pauni 20. Upepo ukipungua, ziada hiyo imekwisha na umeingia kwenye deni. Upepo hupimwa asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Tuseme GVWR ni pauni 7,600, karibu kilo 3,450, na ekseli ni mbili za pauni 3,500. Jumla ya ekseli ni 7,000. Zile 600 zilizobaki kiwanda kimeziachia gari linalovuta, pale shingo ya trela inapokalia. Hapo hakuna wizi, ndivyo matrela yanavyopigiwa hesabu. Shingo inatakiwa ibebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela. Kwa asilimia 10 ni pauni 760, na ekseli zinabaki na 6,840. Nafasi iliyobaki ni pauni 160 tu, na kiwanda kikikosea kidogo tu kwenye ekseli, nafasi hiyo haipo tena.

Halafu njoo kwenye maji. Galoni moja ina uzito wa pauni 8.34, na tangi la galoni 40 likijaa ni karibu pauni 334. Tangi likiwa nyuma ya ekseli, hufanya kama mtoto aliyekaa mwisho wa pembea ya ubao: linainua shingo, na uzito uliotoka kwenye shingo unahamia kwenye ekseli pamoja na ule wa maji yenyewe. Kama huna ulazima, safiri na maji kidogo ujaze ukifika.

Lakini usibaki kukisia. Nenda kapime. Wanaoendesha malori wanazijua mizani za CAT Scale kwenye vituo vyao, na mtu wa trela dogo anaruhusiwa pia. Tofauti na mizani ya barabarani ya Mariakani kule Kenya, hapa unapima kwa hiari yako, na namba ni siri yako. Ekseli ya mbele ya gari ikae bamba la kwanza, ya nyuma bamba la pili, na ekseli za trela bamba la tatu. Namba ya bamba la tatu ndiyo ya kulinganisha na jumla ya GAWR. Kama unatumia vyuma vya kusawazisha uzito kwenye kiungo, viache vimefungwa, maana vinarudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli za trela. Kisha kaliache trela mahali, urudi upime gari peke yake. Jumla ya kwanza ukitoa uzito wa gari ni uzito wa trela zima, na huo ndio wa kulinganisha na GVWR. Mizani hii haikuambii upande upi umezidiwa, na trela lenye chumba cha kusukuma nje na jiko upande mmoja linaweza kuwa limeegemea huko.

Ekseli iliyozidiwa huacha alama. Nyingi za bomba hutoka kiwandani zikiwa zimebenuka kidogo kwenda juu katikati. Mzigo ukizidi ule mbenuko hunyooka, magurudumu huegemea ndani kwa juu, na tairi hulika ukingo wa ndani. Tazama pia springi zilizolala bapa, matundu ya shako (vyuma vifupi vinavyoshika ncha za springi) yaliyopanuka na kuwa na umbo la yai, na mikwaruzo inayong'aa juu ya tairi. Kufunga springi nene au tairi kubwa hakupandishi GAWR hata pauni moja, hata fundi wa mtaani akuambie nini.

Kuhusu rikoli yenyewe, watu wengi huingiza VIN kwenye nhtsa.gov, tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, wakiona hakuna kitu wanalala usingizi. Utafutaji huo umelenga zaidi magari madogo na pikipiki. Viwanda vya matrela havibanwi kwa namna ileile. Tafuta tena kwa mwaka, jina na modeli, kisha kipigie simu kiwanda na VIN mkononi. Ukinunua mkononi mwa mtu, barua huenda kwa mwenye anwani ya zamani, kwa hiyo kipe kiwanda anwani yako siku hiyohiyo.

Matengenezo ni bure mradi, rikoli inapotangazwa, trela halijapita miaka 15 tangu mnunuzi wa kwanza alinunue. Uliyelipa mwenyewe kabla ya barua unaweza kudai fedha zako, ukiwa na risiti. Ukishalipeleka na siku 60 zikapita bila kutengenezwa ipasavyo, sheria inahesabu hiyo kuwa dalili ya kiwanda kushindwa kurekebisha kwa wakati. Lalamika NHTSA, 888-327-4236.

Soma kwa makini barua inaahidi nini. Rikoli nyingine humalizwa kwa kibandiko kipya chenye uzito mdogo, ekseli zikabaki zilezile. Kwa karatasi jambo limekwisha. Kwako umepoteza nafasi ya mizigo uliyoinunua. Ikiwa ni hivyo, andika malalamiko ukiambatanisha karatasi ya mizani.

Ukibadilishiwa ekseli, kagua kibati kipya kabla ya kutia sahihi, jaribu breki za umeme kwenye uwanja wa duka, na uliza waya zimeungwa vipi. Nati za tairi zikazwe tena baada ya maili 10, 25 na 50, kwa torki (nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye kitabu cha trela; za nusu inchi kwa kawaida ni kati ya futi-pauni 90 na 120.