Sululu aliyemwacha kaa mnono

Leo nimeshinda hori ya Mida, huku Watamu. Ni bamvua, maji yamepwa mpaka mbali. Nimekaa chini ya mikoko zaidi ya saa mbili nikimtazama ndege mmoja, sululu.

Yeye hana haraka. Hatua mbili tatu, anasimama, anachungulia shimo la kaa, kisha mdomo ule mrefu uliopinda unazama ukifuata mpindo wa shimo. Alimtoa kaa dume, wale wenye gando moja kubwa. Akamtikisa, akamtikisa tena, mpaka gando likang'oka, na miguu kadhaa nayo, ndipo akammeza. Majike, ambao magando yao ni madogo, walipita kooni papo hapo.

Kisha akaibua kaa mnono kweli kweli. Akamgeuza, akamdona mara moja, akamwacha, akaenda zake. Zamani ningedhani amemshindwa. Leo nimeona hesabu yake: nyama ni nyingi, lakini kumvunja kunakula muda, na bahari haimngoji. Ana saa chache tu kabla maji hayajajaa, na ikifika Aprili lazima awe na mafuta ya kutosha kumfikisha nyanda za kaskazini kabisa, Urusi huko, anakozalia.

Pembeni vitwitwi walikuwa na mtindo wao: mbio fupi, simama, dona. Wale huwinda kwa macho. Wenye midomo mirefu iliyonyooka huchoma matope bila kuona kitu, ncha ya mdomo ndiyo inayohisi mnyoo ulipo.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, kwa jina la kisayansi Dromas ardeola. Huzalia kando ya Bahari ya Arabu na Ghuba ya Uajemi, ndani ya shimo alilochimba mchangani, na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Huyu wa leo alikuwa na kinda lake, kimo sawa na yeye, rangi ya kijivu, limesafiri naye mpaka Kenya na bado linalia kuomba chakula. Mzazi akanasa kaa, akamgonga gonga mpaka magando yakaanguka, akasimama naye mdomoni. Kinda likaja mbio. Mzazi akalipatia kaa huyo, akarudi matopeni kutafuta mwingine, maji yakiwa tayari yameanza kurudi kwenye mifereji.