Jinsi Nilivyochagua Skwiza ya Sakafu Zetu

Nyumba tunayopanga katika mtaa wa Umoja ina sakafu za aina tatu: vigae vidogo vyenye uso wa kukwaruza bafuni, vigae vikubwa vinavyong'aa jikoni na sebuleni, na saruji tupu kwenye roshani tunakofulia nguo. Zote hulowa, lakini kila moja hulowa kwa namna yake. Bafu na choo vimo katika chumba kimoja, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi, kwa hiyo mtu akimaliza kuoga maji huwa yameshafika kizingitini. Roshani hubaki na maji ya sabuni kila nguo zinapofuliwa. Na jikoni ndiko yanakokaa mapipa na mitungi tunayojaza siku ya mgao, kazi ambayo ni nadra kumalizika bila maji kumwagika. Kilichonifanya nitafute skwiza, yaani ule mpini wenye kichwa cha mpira wa kusukumia maji, ni ujio wa mama yangu, ambaye goti lake halimruhusu kuchutama na ambaye, hata hivyo, hakubali kuketi tu huku sakafu ikiwa majimaji.

Hapo awali tulitegemea tambara la deki na ndoo. Tambara ni zuri kwa kupangusa unyevu, lakini halikuumbwa kwa ajili ya kuhamisha maji. Maji yenye kina cha milimita moja tu, yakitandaa juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja. Bafu letu lina karibu mita tatu za mraba, na watu wawili wakioga kwa kufuatana kina hicho hufikia milimita mbili hivi, ambayo ni kusema kwamba sakafuni kuna takriban lita sita. Tambara hushika sehemu ndogo tu ya maji hayo, basi mtu huinama, akafyonza, akakamua ndooni, akainama tena, na mwishowe akaibeba ndoo na kuyamwaga maji katika tundu lilelile ambalo tangu mwanzo lilikuwa hatua mbili kutoka miguuni pake. Isitoshe, kati ya Juni na Agosti, wakati mawingu ya Nairobi hayalipi jua nafasi, tambara lililolowa asubuhi hulala likiwa bichi na kuanza kunuka uvundo.

Kabla ya kwenda dukani niliichunguza sakafu yenyewe, na hadi leo ninaamini hiyo ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo watu wengi huiruka. Nilimwaga kikombe cha maji katika kila kona ya bafu na kutazama yanakoelekea. Sakafu ya bafu hujengwa ikiwa na mteremko mdogo kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, kwa kawaida sentimita moja au mbili kwa kila mita, na mteremko huo ukiwa sawasawa, skwiza huwa inayaharakisha tu maji ambayo yangekwenda yenyewe. Kwetu, kona tatu zilitiririsha maji vizuri. Ya nne, iliyo nyuma ya mlango, iliyakusanya yakatulia. Hakuna skwiza inayoweza kuirekebisha kona kama hiyo, kwa sababu hiyo ni kazi ya fundi wa vigae na mwenye nyumba, lakini kuijua mapema kulinisaidia kuelewa kwamba kifaa nitakachonunua lazima kiweze kuingia nyuma ya mlango na kuyavuta maji kwenda juu kidogo.

Kisha nikachukua futi na kupima nafasi iliyo nyembamba kuliko zote, ambayo ni ile iliyo kati ya sinki la choo na ukuta. Ilikuwa sentimita 32. Nikapitisha pia kidole kwenye mifereji iliyo kati ya vigae: bafuni ilikuwa na kina cha kuhisika, jikoni ilikuwa karibu kulingana na uso wa kigae. Mambo hayo mawili, nafasi nyembamba na kina cha mifereji, ndiyo yaliyoamua karibu kila kitu kilichofuata.

Nilikwenda Kamukunji, kwenye maduka ya vyombo vya nyumbani, kwa sababu huko mtu huweza kuzishika aina nyingi kwa wakati mmoja. Muuzaji wa kwanza alinipa skwiza ambayo kichwa chake kilikuwa na sentimita 75.

"Bosi, chukua hii kubwa, ukipitisha mara moja nyumba imekauka."

"Kaka, hii ni ya ukumbi wa kanisa. Bafu langu haliwezi kuigeuza."

Alicheka, akanikubalia, kisha akanionyesha nyingine ya sentimita 60. Dhana ya kwamba kichwa kipana humaliza kazi mapema ni ya kweli katika gereji, darasa au korido ndefu, lakini katika nyumba yenye milango, miguu ya meza na sinki la choo, kichwa kipana hugongagonga na kuacha pembe zote zikiwa na maji. Kwa bafu, sentimita 30 hadi 45 zinatosha. Ningeambiwa nichague kati ya iliyo ndogo kupita kiasi na iliyo kubwa kupita kiasi, ningechukua ndogo bila kusita, kwa kuwa ndogo hukuongezea mizunguko michache tu, ilhali kubwa kuna mahali haifiki kabisa.

Jambo lililonichukua muda zaidi ni mpira. Zilizotapakaa madukani ni za namna mbili. Ya kwanza ina ndimi mbili za sponji nyeusi zilizopangwa sambamba; ulimi wa mbele husukuma maji mengi na wa nyuma huokota yaliyoponyoka. Kwa sababu sponji ni laini, hubonyea na kuingia katika mifereji ya vigae, na kwa hiyo hufanya kazi nzuri mahali ambapo uso haukunyooka. Udhaifu wake ni kwamba sponji hukwanguka upesi kwenye saruji yenye changarawe, na vitundu vyake hushika nywele na utelezi wa sabuni. Namna ya pili ina ulimi mmoja wa mpira mgumu, usio na vitundu. Huu, ukiwa juu ya kigae kilichonyooka, huacha utando mwembamba sana wa maji ambao hukauka wenyewe baada ya muda mfupi. Lakini ukikutana na mfereji wenye kina huruka juu yake na kuyaacha maji ndani. Zipo pia za silikoni, ambazo hustahimili jua na joto kuliko mpira wa kawaida ingawa hupasuka kwa urahisi zikikatwa na kitu chenye ncha, na zipo zenye ulimi wa plastiki ngumu, ambazo nilizirudisha kwenye rafu mara tu nilipozikunja na kuona hazikunjiki.

Namna nilivyozijaribu ilimshangaza muuzaji, lakini hakunizuia. Kaunta yake ilikuwa ya kioo. Nilisimamisha kila kichwa juu ya kioo hicho, mpira ukigusa chini kwa uzito wake tu, nikawasha tochi ya simu nyuma yake na kuinama nitazame. Mpira ulionyooka haukupitisha mwanga. Uliopinda ulionyesha ufa wa mwanga katikati au pembeni, na penye ufa wa mwanga ndipo penye mstari wa maji yatakayobaki. Baadhi ya zile zilizokuwa zimefungwa vizuri katika nailoni na kubandikwa karatasi ya rangi zilikuwa zimepinda, pengine kwa kuwekwa zikiwa zimelaliwa na mizigo mingine. Baada ya hapo nilimwomba ruhusa nikamimina maji kidogo ya chupa yangu kwenye vigae vya mlangoni na kuyavuta. Nadhani mnunuzi anayenyimwa jaribio dogo kama hilo ana haki ya kuhamia duka la jirani, na Kamukunji duka la jirani haliko mbali.

Mpini haukunisumbua sana, ila yapo mambo ya kutazama. Mpini unapaswa kufika kifuani au juu yake kidogo ili mtumiaji asimame wima. Kwa watu wengi hiyo ni karibu sentimita 120 hadi 140. Mabomba membamba ya chuma yaliyovishwa plastiki hupata kutu kwa ndani pale kifuniko kinapochubuka, kisha hupinda. Alumini haipati kutu. Mti ni mzuri mkononi lakini hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, na baada ya misimu kadhaa kichwa huanza kucheza. Muhimu zaidi kuliko bomba lenyewe ni shingo, yaani pale mpini unapoingia kichwani. Shingo nyingi ni za plastiki na hufungwa kwa kuzungusha, na plastiki nyembamba hupasuka hapo kabla mpira haujachakaa. Nilizishika shingo hizo na kuzipinda kidogo huku na huku, iliyolia niliiacha.

Mwishowe nilinunua mbili. Ya bafuni ina kichwa cha sentimita 30 na ndimi mbili za sponji, kwa kuwa inapita kando ya sinki la choo na kuifikia mifereji ya vigae vidogo. Ya pili ina sentimita 45, kichwa cha alumini na ulimi mmoja wa mpira mgumu unaoweza kubadilishwa, na hiyo ni ya jikoni na roshani. Mbali na tofauti ya sakafu, sikutaka kifaa kinachosukuma maji ya chooni kiguse sakafu ya mahali tunapopika, kwa hiyo hata mipini yake ni ya rangi tofauti, mmoja mwekundu na mwingine wa samawati, ili pasiwe na mgeni wa kuzichanganya.

Matumizi nayo yana utaratibu wake. Sabuni huondolewa kwanza kwa maji safi, kwa sababu skwiza huyaondoa maji lakini huacha utando wa sabuni, na utando huo juu ya kigae kinachong'aa huteleza kuliko maji yenyewe. Kisha mtu huanzia kona iliyo mbali na tundu na kuyavuta maji kuja kwake kwa mistari inayopandana kidogo, bila kuukandamiza mpini. Ulimi mgumu hufanya kazi ukiinama kiasi kuelekea upande unaokwenda. Ukikandamizwa sana hukunjika na kuyapitisha maji chini yake. Kichwa kikiinuliwa katikati ya mstari hudondosha maji mahali palipokwisha kukauka, kwa hiyo ni bora kila mstari ufike kwenye tundu au kwenye dimbwi lililo mbele yake. Kule roshani tuna kanuni moja ya ziada: maji huvutwa kwenye tundu la bomba, hayasukumwi kupita ukingoni, maana ghorofa ya chini kuna kamba za nguo za jirani na amani ya ploti nzima huanzia hapo.

Mama aliitazama ile ndogo kwa mashaka siku ya kwanza.

"Mwanangu, na hii fimbo itaokota maji ya pembeni kweli?"

"Itayaokota, mama. Ivute kuja kwako, usiisukume."

Aliivuta akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani, na maji yaliyokuwa nyuma ya mlango yakapanda ule mwinuko mdogo na kuingia kwenye mteremko wa tundu. Aliirudia kona hiyo tena, nadhani kwa kutoamini, kisha akaomba tambara kavu amalizie unyevu uliobaki. Tambara, kwa hiyo, halikufukuzwa nyumbani. Limebaki na kazi inayolifaa, nalo siku hizi hukauka kwa sababu halinyweshwi ndoo nzima ya maji.

Kuhusu utunzaji, zote mbili hutundikwa kwenye misumari, vichwa vikining'inia bila kugusa kitu. Skwiza inayoegemezwa ukutani ikiwa imesimama juu ya mpira wake huupinda ule mpira taratibu, na ukishapinda huacha mistari ya maji kama zile nilizozikataa dukani. Ya bafuni husuuzwa na kutolewa nywele kila baada ya kazi. Hatuzianiki juani, kwa kuwa jua hukausha mpira na kuutia nyufa, wala hatuzitumii kusukuma mafuta yaliyomwagika jikoni, ambayo huulainisha na kuuvimbisha mpira wa kawaida. Mafuta hufutwa kwanza kwa karatasi na maji ya moto yenye sabuni. Dawa kali ya klorini nayo, ikiachwa juu ya mpira, huuchakaza, hivyo baada ya kusafisha choo kichwa husuuzwa kwa maji mengi.

Sponji ya bafuni imeanza kumeguka kwenye pembe moja, inayokwaruzana na ukuta kila siku, na kichwa chake si cha kubadilisha mpira, kwa hiyo kitakapokwisha kitanunuliwa kizima na mpini uleule utaendelea kutumika. Ile ya alumini ina faida zaidi: makali ya ulimi wake yalipoanza kuwa butu nililegeza skrubu, nikauchomoa mpira, nikaugeuza upande wa juu ukawa chini, na kuufunga tena. Upande huo ukiisha, mpira wa akiba huuzwa kwa urefu, na anayeununua hana budi kwenda na ule wa zamani mkononi, kwa sababu unene wake lazima uingie sawasawa katika mfereji wa kichwa, na tofauti ya milimita moja hutosha kuufanya uchomoke mara ya kwanza unapokutana na maji.