i7 ya laptopu yangu na i3 ya mezani, jina lilinichanganya miaka yote hii

Laptopu yangu ya zamani ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i7-7500U, kizazi cha 7 cha Intel, ilitoka 2016. Miaka yote hiyo mtu akiniuliza natumia mashine gani nilikuwa najibu bila kusita, i7, basi maongezi yanaishia hapo maana i7 ni i7, nani atabisha. Sasa juzijuzi nimeunga kompyuta ya mezani na prosesa niliyoweka ni Core i3-12100, yaani i3, ile ya ngazi ya chini kwenye familia ya Core, nikasema moyoni hii itanisogeza tu wakati najipanga kwa kitu kikubwa zaidi. Kumbe ndo nimefika.

Nilichofanya ni kuchukua video moja ya dakika kama kumi, programu ile ile, seting zile zile, nikairenda (yaani kuitengeneza iwe faili la mwisho) kwenye zote mbili. Kwenye laptopu nikafungua pembeni ile programu inayoonyesha prosesa inakwenda spidi gani, mwanzoni nikafurahi maana ilipanda mpaka karibu na 3.5 gigahezi (mipigo bilioni 3.5 kwa sekunde) ambayo ndo kikomo chake, haijafika hata dakika nzima namba ikaanza kushuka, ikashuka, ikaja kutulia maeneo ya 2.7 hivi na hapo ikabaki mpaka mwisho. Feni inavuma hadi aliye chumba cha pili anasikia, na ile mistari ya vitufe vya juu upande wa kushoto ikawa ya moto kiasi kwamba kidole ukikiweka unakitoa. Mbio za sakafuni kabisa, na ukingo wenyewe hauko mbali.

Kwenye ya mezani nikaanzisha kazi, nikainuka kwenda kunywa maji, narudi iko karibu na mwisho. Spidi ilipanda juu ya 4 gigahezi ikakaa hapo hapo, feni unaisikia ukitega sikio. Nikarudia tena nikidhani nimekosea seting. Hali ile ile.

Sasa kwa nini? Hapa ndo nataka tukae kidogo maana watu wengi (na mimi nilikuwa hivyo hivyo) tunanunua mashine kwa kusoma stika. Kitu cha kwanza ni wati. Ile herufi U mwishoni mwa 7500U maana yake ni prosesa ya kutumia umeme kidogo, imepangiwa wati 15, na aliyetengeneza laptopu anaruhusiwa hata kuishusha mpaka 7.5 kama kava lake ni jembamba sana. i3-12100 imepangiwa wati 60 na ikibanwa na kazi inaweza kwenda mpaka 89. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa unatoka kama joto, hauendi kwingine, kwa hiyo wati 15 si kwamba prosesa ni mvivu, ni kwamba ndani ya laptopu hakuna pa kulipeleka joto zaidi ya hilo, una kabomba kamoja ka shaba kembamba na kafeni kadogo kanakopuliza kwenye tundu la pembeni. Ya mezani ina bonge la alumini juu ya prosesa na feni limekaa juu yake na kesi nzima ina nafasi ya hewa kupita. Spidi kubwa inayoandikwa kwenye tangazo laptopu inaifikia kweli, ila inaifikia kwa kazi fupi, kufungua programu, kufungua ukurasa, vitu vya sekunde chache. Kazi ndefu inarudishwa kwenye wati zake 15.

Kitu cha pili ni kori, yaani vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa, na hapa ndo niliposikia uchungu kwa kweli. i7-7500U ina kori 2 na thredi 4 (thredi ni mikondo ya kazi inayoweza kwenda kwa pamoja). Mbili! i3-12100 ina kori 4 na thredi 8. Alafu kumbuka kizazi kile kile cha 7 kilikuwa na i7-7700 ya mezani, ilitoka mwanzoni mwa 2017, kori 4, thredi 8, wati 65, nayo inaitwa i7 vilevile. Jina moja, vitu viwili tofauti kabisa. Na haikupita muda, mwaka huo huo wa 2017 ikaja i5-8250U ya laptopu, wati 15 zile zile lakini kori 4 na thredi 8, yaani aliyenunua i5 ya mwaka uliofuata alikuwa na kori mara mbili ya mwenye i7 kama mimi. i3, i5, i7 inakwambia prosesa iko ngazi gani ndani ya kizazi chake na aina yake, basi. Ukivuka kizazi au ukitoka laptopu kwenda mezani ile namba haikusaidii kulinganisha.

Alafu hata gigahezi zenyewe hazifanani. Kori ya kizazi cha 12 inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo kuliko ya kizazi cha 7, na kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) imetoka megabaiti 4 kwenda 12, kwa hiyo hata ungezilazimisha zote mbili zikimbie 3 gigahezi bado i3 ingeiacha i7 yangu nyuma. Hata kuangalia video mtandaoni utaona tofauti, zile zilizofungwa kwa AV1 (njia mpya ya kubana video), i3-12100 ina sehemu yake maalumu ya kuzifungua, ya laptopu haina, inabidi kori mbili zihangaike na feni linaanza.

Laptopu nayo ina lake, nisiionee. Inabebeka, umeme ukikatika inaendelea, na kwa kuandika na barua pepe na tabo chache za brauza huoni shida yoyote. Nimeifungua nikasafisha vumbi kwenye feni na kubadilisha pesti ya kupitisha joto la prosesa iliyokuwa imekauka imekuwa kama chokaa, na joto limepungua vizuri tu, kama unayo ya umri huo fanya hivyo kabla hujaamua imekufa. Ila prosesa yenyewe huwezi kuibadilisha, imechomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ya mezani inakaa kwenye soketi ya LGA 1700, na kwa mazabodi niliyonayo nikiapdeti BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha mashine) naweza kutoa i3 nikaweka hata ya kizazi cha 14.

Halafu kuna suala la Windows. Windows 11 kwa prosesa za laptopu kama hizi inaanzia rasmi kizazi cha 8, za kizazi cha 7 zimeachwa nje kwa hatua moja tu, na Windows 10 sapoti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Iliniuma maana mashine bado ni nzima. Nimeiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, inawaka haraka, na hii posti nimeiandika kwayo nikiwa nimekaa kitandani, feni halijawaka hata mara moja, wakati ile ya mezani kule inamalizia kurenda video nyingine.