Saa 3 asubuhi Mbeya, namba zinaondoka

Saa 3 kamili asubuhi kwa saa zetu ni 0600 kwa saa za Greenwich. Wakati huo mpimaji wa kituo cha hali ya hewa Mbeya anatakiwa awe ameshasimama mbele ya kile kisanduku cheupe chenye mbavu za mbao kama dirisha la luva. Ndani mna vipimajoto, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Anafungua, anasoma, anafunga. Anafanya haraka, maana joto la mwili wake na pumzi yake vinatosha kupandisha kipimo kabla hajaandika, hasa asubuhi za Juni zenye baridi ya kukata. Jicho liwe usawa wa ncha ya kimiminika. Ukiinama au ukinyanyua shingo unaondoka na namba ya uongo. Na kwa kuwa huku kwetu jua la adhuhuri huwa kaskazini miezi mingi ya mwaka, kisha likahamia kusini, kisanduku kinahitaji milango miwili ili jua lisivipige vipimajoto wakati wa kusoma.

Namba hizo hupangwa katika mafungu ya tarakimu tano tano. 10184 maana yake ni nyuzi joto 18.4: tarakimu ya kwanza inataja aina ya kipimo, ya pili inasema ni juu au chini ya sifuri, zilizobaki ni joto lenyewe. Kituo nacho kina namba yake. Mbeya ni 63932, Iringa 63887. Siku hizi kompyuta husafirisha data kwa umbo jingine, lakini mantiki haijabadilika: mpimaji wa Novosibirsk, Urusi, na wa Mbeya wanasoma dakika ile ile, kwa utaratibu ule ule, na kompyuta ya Washington, Moscow au Beijing inaelewa bila mkalimani.

Kushirikiana hivyo hakukuwa jambo la kawaida zamani. Katika Vita Kuu ya Pili hali ya hewa ilikuwa siri ya jeshi. Mwaka 1943 Wajerumani walituma nyambizi hadi pwani ya Labrador, ambayo leo ni Kanada, kusimika kwa siri kituo kinachopima chenyewe bila mtu, kwa sababu walihitaji kujua hewa inayokuja kutoka magharibi. Kisha, katikati ya Vita Baridi, Desemba 1961, Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kutaka nchi zishirikiane kwenye hali ya hewa na setilaiti. Mmarekani Harry Wexler na Mrusi Viktor Bugaev wakakaa pamoja Geneva mwaka 1962 kuandika mpango wa ushirikiano huo, mwaka ule ule wa mgogoro wa makombora ya Cuba. Mwaka 1963 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaupitisha. Vituo vikuu vikawa Washington, Moscow na Melbourne; Beijing ikaongezwa 2017.

Wala si kwamba walipendana. Hewa iliyo juu ya Siberia leo itakuwa juu ya Pasifiki baada ya siku chache, na utabiri wa siku saba hauwezekani kwa vipimo vya nchi moja, hata iwe kubwa kama Urusi. Anayeficha namba zake anaharibu utabiri wake mwenyewe. Hata sasa juu ya Bahari ya Hindi kuna setilaiti za Ulaya, China, Urusi na India, zote zikitazama mawingu yale yale.

Msuguano upo. Mwaka 2023 China ilitangaza kwamba imegundua mamia ya vituo vya hali ya hewa vilivyokuwa vikituma data nje bila kibali. Lakini kwa maoni yangu uhasama hauleti hasara kubwa kama uzembe wa bajeti. Katika Pasifiki kuna safu ya maboya ya Marekani yanayopima joto la bahari, na humo ndimo El Niño huonekana mapema. Marekani ilipoistaafisha meli ya kuyahudumia mwaka 2012, maboya yake yalianza kunyamaza moja moja, hadi kufikia 2014 data ikashuka hadi karibu asilimia 40 ya inayotakiwa. Hapakuwa na adui. Ilikosekana meli tu, na mkulima wa Mbozi anayesubiri utabiri wa mvua za Novemba hakuwa na habari.

Kanuni mpya ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani inataka kituo cha ardhini angalau kila kilomita 200, kikitoa taarifa kila saa. Kwa nyika inatosha. Kwa milima yetu ni kichekesho: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukivuka safu ya milima ukashuka bonde la Usangu hupati hata nusu yake.

Ndiyo maana vipima mvua vya shule, misheni na mashamba ya chai vina thamani, vikisomwa sawasawa. Kiweke mbali na mti au paa, angalau mara mbili ya kimo cha mti au paa hilo juu ya mdomo wa kipima. Mara nne ni bora. Mdomo uwe bapa, ujaribu kwa pima maji. Kosa baya kuliko yote ni kupima maji kwa silinda isiyo ya kipima hicho. Kipima chenye mdomo wa inchi 5 na cha inchi 8 hufanana ukiviangalia kwa mbali, lakini silinda ya inchi 5 ikipimia maji ya faneli ya inchi 8, milimita 10 husomeka 25.6. Silinda yake ikipotea, tumia silinda yoyote ya mililita: kwa inchi 5 gawanya mililita kwa 12.7, kwa inchi 8 gawanya kwa 32.4, upate milimita za mvua.

Na kama Jumamosi na Jumapili hakuna aliyekwenda kusoma, Jumatatu andika jumla yote, ukieleza pembeni kwamba ni ya siku tatu. Usiigawe kwa tatu, wala usijaze sifuri siku za nyuma.