Kamba ya Katani Chini ya Barabara za San Francisco

Nilizaliwa katika shamba la mkonge wilayani Muheza, na chombo cha kwanza cha reli kukipanda maishani mwangu kilikuwa toroli lililobeba matita ya majani ya mkonge kutoka shambani hadi korona, yaani kiwanda cha kuyachakata. Tulilidandia kwa nyuma kila msimamizi alipotupa kisogo, tukashuka kabla halijafika kwenye mizani. Reli ile nyembamba haipo tena. Iling'olewa nikiwa bado shule ya msingi, ikapakiwa kwenye lori na kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kwa hiyo nilipokwenda California mwaka jana kumtembelea binti wa shangazi yangu anayeishi Oakland, jambo la kwanza nililomwomba ni anipeleke San Francisco nikazione tramu za zamani zinazovutwa kwa kebo.

"Kaka, zile ni za watalii," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mgeni.

Hakukosea sana, kwa maana foleni ya mtaa wa Powell ilikuwa imejaa watu wenye kamera na nauli yake inazidi ya basi mara kadhaa. Hata hivyo tulianza safari yetu mahali ambapo watalii wengi hupita haraka, yaani katika jengo la matofali lililopo kwenye njia panda ya mitaa ya Washington na Mason, ambalo ni karakana, chumba cha mitambo na makumbusho kwa pamoja. Kuingia ni bure. Ukisimama kwenye ubaraza wa juu unaona chini yako magurudumu makubwa ya chuma yakizunguka bila kukoma, yakivuta kebo nne ambazo hutoka humo, hupita ndani ya mifereji iliyochimbwa chini ya barabara, huzunguka vilima vya mji na kurudi tena. Mngurumo wake unausikia kifuani kabla ya masikioni.

Mfumo wenyewe ni mwepesi kuueleza ingawa si mwepesi kuuendesha. Gari halina injini. Kebo hutembea mfululizo kwa mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa, na katikati ya reli mbili kuna mwanya mwembamba ambamo koleo kubwa la chuma hushuka kutoka kwenye gari. Dereva akivuta mtaimbo wake, koleo hubana kebo na gari likaenda nayo, na akitaka kusimama huiachia na kukanyaga breki. Mtu huyo kwa Kiingereza jina lake la kazi lina maana ya mshikaji, neno ambalo vijana wetu wamelifanya kuwa jina la rafiki, na nilifurahi kuona kwamba mahali fulani duniani mshikaji bado ni mtu anayelipwa kwa kushika. Kazi yake inadai nguvu za mikono na akili ya wakati. Kebo za njia mbalimbali hukutana, na pale mtaa wa Powell unapoukata mtaa wa California ni lazima gari la Powell liiachie kebo yake, livuke kwa msukumo wake lenyewe, kisha liidake tena upande wa pili.

Ndani ya makumbusho wameweka vipande vya kebo vilivyokatwa ili mgeni aone tumbo lake. Kebo ina unene wa milimita 32 hivi, imesukwa kwa nyuzi nene sita za feleji, kila moja ikiwa na nyaya 19, na nyuzi hizo zimezungushwa juu ya kamba ya katani. Niliinama nikaangalia tena. Ilikuwa katani kweli, ileile iliyowaweka watu wa Muheza, Korogwe na Kilosa mashambani kwa miongo mingi tangu Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, alipoleta miche ya mkonge pwani yetu mwaka 1893. Sidai kwamba ile niliyoiona ilitoka Tanga, maana Brazil huzalisha nyingi kuliko sisi. Lakini mwana wa korona anaijua katani hata ikiwa imepakwa lami. Imewekwa pale ili kebo iwe na ulaini kidogo na iweze kubanwa na koleo.

Nilichojifunza katika jengo lile, na ambacho kimenifanya niandike, ni kwamba katika tramu hizi karibu kila kitu kimekwisha kubadilishwa. Kebo hudumu kwa miezi tu kabla ya kuvutwa nje na kuwekwa nyingine. Breki zinazoshuka kukandamiza reli ni vipande vya mbao za jamii ya misonobari, na mbao hizo huliwa na reli kwa siku chache tu. Gari linapoteremka mtaa wa Hyde, ambao mwinuko wake hufikia takriban asilimia 21, unasikia harufu ya mbao inayoungua. Meno ya koleo ni ya metali laini, nayo huisha upesi vilevile. Ipo pia breki ya dharura, kabari ya feleji inayopigwa ndani ya ule mwanya wa barabarani, na wakati mwingine haitoki mpaka fundi aje na moto wa kukatia chuma. Magari yenyewe, yapatayo 40, hukarabatiwa na mengine hujengwa upya na maseremala wa shirika la usafiri la mji. Ukiuliza ni kipi hasa cha zamani kilichohifadhiwa, jibu la kweli ni kwamba zimehifadhiwa kazi za watu: seremala, msuka kebo, mshikaji, na kondakta anayesimama nyuma.

Habari za mwanzo wake zinajulikana. Andrew Smith Hallidie, mzaliwa wa London, alikuwa akitengeneza kamba za waya kwa ajili ya migodi, na husimuliwa kwamba aliwaona farasi wakiteleza na kuburutwa na gari walilokuwa wakilivuta kwenye mlima uliolowa. Agosti mwaka 1873 alijaribu gari lake la kwanza katika mtaa wa Clay, na gari namba 8 la kampuni yake lipo ndani ya makumbusho hadi leo. Kisha tetemeko la ardhi na moto wa tarehe 18 Aprili 1906 viliharibu sehemu kubwa ya njia hizo, na mji ulipojengwa upya tramu za umeme zikachukua nafasi yake, isipokuwa kwenye vilima vikali.

Kilichonivutia zaidi ni mwaka 1947. Januari ya mwaka huo meya Roger Lapham alitangaza kwamba magari ya kebo ya mtaa wa Powell yamepitwa na wakati, yanaleta hasara, na mabasi yatachukua mahali pake. Bibi mmoja, Friedel Klussmann, aliwakusanya wanawake wa vyama mbalimbali vya mji, wakaunda kamati, wakakusanya saini na kulifikisha suala hilo kwenye kura ya Novemba. Wakaazi walipiga kura zaidi ya 166,000 za kuyabakisha, na waliotaka yaondolewe walikuwa 51,000 na ushei. Watu husimulia kisa hiki kana kwamba kiliishia hapo kwa vigelegele, jambo ambalo si kweli. Kampuni binafsi ya mtaa wa California ilisimama mwaka 1951 na mji ukainunua mwaka uliofuata, na mwaka 1954 ikapigwa kura nyingine iliyopunguza njia, hata zikabaki tatu tulizonazo leo: Powell hadi Mason, Powell hadi Hyde, na ile ya California. Mwaka 1964 mfumo wote ulitambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Klussmann alipofariki mwaka 1986, magari yalipambwa kwa vitambaa vyeusi.

Hata baada ya kutambuliwa hivyo mitambo iliendelea kuchakaa, mpaka ikabidi mfumo wote ufungwe Septemba 1982 na kujengwa upya tangu mifereji hadi magurudumu, ukafunguliwa tena Juni 1984. Katika kipindi hicho cha ukimya, ili wageni wasikose cha kupanda, mji uliandaa mwaka 1983 tamasha la tramu za umeme za zamani katika mtaa wa Market. Tamasha likapendwa, likarudiwa miaka iliyofuata, na hatimaye mwaka 1995 ikaanzishwa njia ya kudumu iitwayo F, ambayo mwaka 2000 ilirefushwa hadi Fisherman's Wharf, eneo la watalii kando ya maji. Humo zinapita tramu za Marekani zilizobuniwa miaka ya 1930, tramu za Milan za aina ya mwaka 1928, na hata moja isiyo na paa, mfano wa mashua, iliyojengwa mwaka 1934 kwa ajili ya Blackpool, Uingereza.

Nakiri kwamba tramu za njia ya F zilinitia mashaka kidogo. Nyingi zimepakwa rangi za miji mingine ya Amerika iliyozitupa tramu zake zamani, hivyo gari lililofanya kazi Philadelphia linaweza kuvaa nguo za Los Angeles au Chicago. Kwa mhifadhi mkali huo ni uongo. Lakini nilipoona mama mmoja akishuka na vifurushi vya sokoni, na nyuma yake mtu mwenye sare ya hospitali akisinzia dirishani, nikaona kwamba rangi si jambo la kugombania sana maadamu watu wa mji wanakwenda nazo kazini. Hapo nilimgeukia binti wa shangazi nikamwuliza wako wapi watalii wake. Akacheka tu.

Kusherehekea vyombo hivi kuna upande ambao vipeperushi huupitia juujuu. Mwaka 1863, kabla hata ya kebo, Charlotte Brown alishushwa kwa nguvu kutoka kwenye tramu ya farasi ya mji huohuo kwa sababu alikuwa mweusi, alishtaki, akashinda. Maya Angelou, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alikuwa msichana wa miaka 16 alipotaka kuwa kondakta wa tramu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akanyimwa hata fomu ya maombi, akawa anakwenda kukaa ofisini siku baada ya siku mpaka wakamwajiri. Na ilibidi kungoja hadi mwaka 1998 ndipo Fannie Mae Barnes, mwanamke mweusi aliyekwisha kupita umri wa miaka 50, awe mwanamke wa kwanza kushika mtaimbo wa gari la kebo. Nikiyafikiria hayo naikumbuka Mombasa, ambayo mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa iliyofuata ilikuwa na matoroli yake ya abiria juu ya reli nyembamba kati ya Kilindini na Mji wa Kale. Injini yake ilikuwa miguu ya Waafrika waliosukuma kutoka nyuma, na waliokaa chini ya kivuli cha turubai walikuwa mabwana.

Upo pia upande wa hatari, nao ulijitokeza Lisbon tarehe 3 Septemba 2025, pale gari la mlimani la Glória, lililoanza kazi mwaka 1885 na kutangazwa kuwa urithi wa taifa, lilipokatikiwa na kebo na kuporomoka, likaua watu 16. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba kebo iliyokuwa ikitumika haikuwa na idhini ya kubeba abiria, na kwamba mahali ilipokatikia palikuwa pamefichika, hapaonekani katika ukaguzi wa kila siku. Behewa la manjano lilikuwa linang'aa kwenye kadi za posta za mji mzima. Tangu nisome habari ile, nikionyeshwa chombo cha kale kilichopakwa rangi vizuri, swali langu la kwanza linahusu kile kinachokaa chini ya sakafu.

Siku ya mwisho tulipanda njia ya Hyde hadi mwisho wake karibu na maji, ambapo meza ya kugeuzia gari imepewa jina la Friedel Klussmann. Magari ya Powell yana uso upande mmoja tu, kwa hiyo ni lazima yageuzwe, na ugeuzaji hufanywa kwa mikono: mshikaji na kondakta waliegemeza mabega, sakafu ya mbao ikaanza kuzunguka taratibu, na mimi nikajikuta nimesogea hatua mbili mbele kama ninayetaka kusukuma. Kondakta akanionya kwa kidole nirudi nyuma ya mstari.

Jioni ile nilimtumia baba picha ya kipande cha kebo kilichokatwa, nikamwelezea kwa kirefu habari za vilima, za kura na za yule bibi. Baba alifanya kazi kwenye brashi za korona, mashine za kusafishia katani, kwa miaka 31. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika, kisha ukaja ujumbe mmoja: "Hiyo katani ya katikati ni daraja gani?"

Sikuwa nimeuliza. Nikamwambia nikirudi kule nitauliza.

"Uliza," akaandika. "Daraja la chini haliwezi kazi hiyo."