Ukipanda Moshi Desemba, hesabu vidonge vya bibi

Desemba watu wanapanda kwao Moshi, Kilimanjaro, wanachinja, wanakaa wiki moja, wanashuka. Wiki hiyo hata mzee anayenyanyaswa huogeshwa na kuvalishwa kitenge kipya, na anayemtunza humjibia kila swali. Ya sebuleni hayatoshi kukuonyesha kama ananyanyaswa.

Anza na dawa. Kama alipewa vidonge 30 vya presha, kimoja kila asubuhi kuanzia tarehe 1, tarehe 16 kabla hajameza vinatakiwa viwe 15. Ukikuta 26, hapewi, au anasahau na hakuna wa kumkumbusha. Mzee anayesinzia kutwa nzima, usiseme ni uzee tu. Uliza anameza nini.

Halafu msaidie kubadili nguo. Ngozi ya mzee huchubuka upesi, hivyo alama moja haithibitishi kitu. Lakini alama za vidole juu ya kiwiko, mpya zikichanganyika na za zamani, mara nyingi ni za kukamatwa kwa nguvu. Asiyeweza kujigeuza akiwa na vidonda makalioni na visiginoni, huenda hageuzwi; anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi.

Tazama na simu: nani ana namba yake ya siri? Muulize mwenyekiti wa kitongoji kama kuna karatasi ya kihamba, yaani shamba la ukoo, mzee aliyoiwekea dole gumba bila kusomewa.

Zungumza naye mkiwa wawili tu, kwa Kichagga kama ndicho anachokizoea. Usimuulize "unateswa?" Atakataa, maana anamwonea aibu mwanawe na anaogopa kuachwa peke yake. Muulize jana usiku alikula nini, na nani alimpakulia.

Kinachoharibu zaidi ni kuitisha kikao cha ukoo na kumgombeza kijana anayemtunza mbele ya mzee. Ninyi mnapanda basi, mzee anabaki naye usiku huohuo. Tafuta kwanza pa kumlaza, piga picha za majeraha na uandike tarehe, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Akiwa amepigwa, nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Jina lisikuzuie, mzee naye anasikilizwa. Chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa, ndipo uende hospitali, Mawenzi kwa mfano. Akiwa hoi, hospitali kwanza.

Ila mkamwana anayepika, anayefua na kukata majani ya ng'ombe peke yake mwaka mzima, akianza kumsahau mzee, mara nyingi amechoka. Huyo mpeni msaidizi, na hela ya pampasi za wakubwa iingie kila mwezi, si Desemba tu.