Ukija Amu kufundisha watoto, njoo na ufagio wa chelewa

Kabla ya kuchanga nauli, angalia kalenda. Shule za Kenya hufungwa Aprili, hufungwa tena Agosti, kisha mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Januari. Vijana wa kanisa wanaotoka Tanga au Dodoma kwa safari ya misheni ya wiki tatu mwezi wa Agosti watapanda boti Mokowe, wafike Amu, yaani Lamu, wakute madarasa yamefungwa. Februari na Juni ni miezi mizuri. Tazama na mwezi mwandamo pia: siku za Maulidi, Mfungo Sita, mji mzima macho yako kwenye Msikiti wa Riyadha, na hakuna mtoto utakayemshikisha kitabu. Ijumaa masomo hukatika mapema kwa ajili ya sala. Jioni baada ya alasiri watoto wengi huenda chuoni, na chuo huku ni cha Kurani, kwa hiyo twisheni ya saa kumi usiipange.

Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, lakini kuingia bila viza si ruhusa ya kufundisha, hata kama hulipwi. Wanaokualika waulizie pasi maalumu uhamiaji mapema, wewe ukiwa bado nyumbani. Ukishafika, fanya kazi chini ya mwalimu wa darasa. Darasa ni lake, wewe ni msaidizi wake. Na imani iliyokuleta ni njema, ila mzazi wa mtaa wa Langoni au Mkomani amemleta mwanawe kusoma na kuhesabu. Mahubiri hayana nafasi katika kipindi cha hesabu, na mzazi akisikia yamefanyika atamtoa mtoto, tena kwa haki yake.

Sasa lugha, ambayo ndiyo huwakwaza zaidi wageni wanaojua Kiswahili. Andika “macho” ubaoni, mtoto wa gredi ya 1 atasoma “mato”. “Moja” ataisoma “moya”, “njia” ataisoma “ndia”, “maji” yatakuwa “mai”, na “mchele” utakuwa “mtele”. Hiki ni Kiamu, lugha iliyobeba tenzi karne na karne. Mgeni hudhani mtoto hajui herufi, humsahihisha mbele ya wenzake, na mtoto hainui mkono tena wiki nzima. Hebu fikiri: aliyesema “mato” amelitambua neno, amelielewa, na amelitamka kama mama yake anavyolitamka. Wa kumhofia ni yule anayekokota “ma-cho” sawasawa, ukimuuliza ni kitu gani, hana jibu. Kwa huyo wa kwanza sema, “Vyema, ndiyo mato. Kitabuni yameandikwaje?” Kisha weka kidole chini ya “ch” mlisome pamoja. Baada ya siku chache atakuwa anavuka mwenyewe kutoka lugha moja hadi nyingine.

Kwenye hesabu kuna mtego mwingine. Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha hisabati kwa Kiswahili, lakini hapa kitabu ni cha Kiingereza tangu gredi ya 1. Fundisha tendo kwa Kiswahili kwanza, mtoto akishika ndipo mpe jina la Kiingereza. Ukianza na jina, 14 na 40 hukaribiana mno masikioni, vivyo hivyo 15 na 50, na kosa la sikio litaonekana daftarini kama kosa la hesabu.

Chelewa ndizo zinazofaa kuliko kadi za rangi zilizochapishwa. Nunua ufagio mmoja mpya, ufungue, kata vipande vya sentimita 8 hivi kutoka upande wa shina, maana ncha ni nyembamba na huvunjika. Ncha kali zikate butu zisimchome mtu. Darasa la watoto 40 lina makundi 10 ya wanne, na kila kundi linahitaji vipande 60: mafungu matano ya kumi-kumi na kumi vilivyo huru. Funga kwa rababendi. Uzi wenye fundo mtoto hawezi kuufungua, na kufungua ndilo somo lenyewe. Tia vifaa vya kila kundi kwenye kopo lake tangu nyumbani, kwa kuwa kipindi cha gredi za chini ni dakika 30, na ukianza kugawa kijiti kimoja kimoja, dakika 10 zimekwenda.

Toa 34 – 18. Wengi watakuletea 24, kwa sababu wanaona 8 na 4, wanatoa ndogo kwenye kubwa, wanapata 4, halafu 3 toa 1 ni 2. Hawajakosea kutoa, wamesahau ni nini kinatolewa kwenye nini. Usifute jibu. Waambie waweke mafungu matatu na vijiti vinne mezani, kisha waondoe vinane. Vinne havitoshi. Nyamaza hapo! Ngoja mtoto mmoja anyooshe mkono kwenye fungu na kuvuta rababendi. Sasa kuna vijiti 14 na mafungu mawili. Ondoa vinane, baki sita. Ondoa fungu moja, baki moja. Jibu ni 16, na wameliona kwa macho. Rudia kwa 52 – 27 na 41 – 15, vijiti vikiwa mezani, kabla hujaandika chochote ubaoni. Anayeharakisha kurudi ubaoni huwarudisha kwenye 24.

Peremende na picha ziache. Peremende huwafanya watoto wakutazame mfuko badala ya mkono, na picha ya mtoto haipigwi bila ruhusa ya mzazi na mwalimu. Kitu ukimpa mtu, mpe kwa mkono wa kulia.

Siku tatu kabla ya kuondoka, kaa na mwalimu na daftari la mahudhurio. Mbele ya kila jina andikeni mtoto amefika wapi: anasoma silabi, anasoma neno, anatoa kwa kufungua fungu, anatoa bila vijiti. Siku mbili zilizobaki mwache mwalimu aongoze kipindi cha chelewa, wewe ukae nyuma, na makopo yote 10 yabaki kwenye kabati lake.